Karibu ya Waridi

Mchana ule Waridi alikuwa jikoni akikaanga vitunguu aliposikia hodi. Akaitikia bila hata kugeuka, "Karibu! Mlango uko wazi!" Ndivyo walivyoishi kule mtaani Majengo, Pumwani, alikozaliwa: hodi kutwa nzima, na ukitoka kuchungulia kwanza utaambiwa una maringo. Hatua zikaingia sebuleni, nzito, polepole. Alipokwenda kutazama hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu ya blanketi lililolowa.

Zaid, mumewe, alimcheka jioni. Alikuwa karani wa mahakama, na uhamisho ndio uliowaleta katika mji huu mdogo wa milimani, kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu mmoja zama za ukoloni.

"Relax, bana," alimwambia. "Ni hii kimya inakusumbua. Umezoea kelele za Majengo."

Kimya kilikuwepo kweli. Maduka yalifungwa kabla ya magharibi, ukungu ukashuka kutoka kwenye mikaratusi, na watu wakasalimiana kwa sauti ya chini utadhani wako matangani. Lakini kimya hakiwashi moto. Meko ya sebuleni, ambayo hawakuwahi kuitumia, ilikutwa na majivu ya moto kila asubuhi. Na Yumna, binti yao mdogo, akaanza kupoa mwili. Ilianza mikono, kisha masikio. Kwenye zahanati walisema hana ugonjwa wowote.

"Mgeni ananipakata," Yumna alimwambia mamake, meno yakigongana. "Anasema nitazoea."

Waridi akamvika sweta juu ya sweta. Akakimbilia kwa Nthoki, jirani mzee ambaye mamake aliwahi kufua nguo katika nyumba ile.

"Uliitikia bila kutoka nje?" Nthoki alinong'ona, mkono kifuani. "Aii, Mama Yumna! Huku sisi hatuitikii hodi. Mtu husimama getini mpaka aonekane. Yule wa nyumba hiyo hubisha tu, na asipoitikiwa huenda zake."

"Sasa nifanye nini, nyanya? Mtoto wangu anaisha."

"Ulimkaribisha wewe, msindikize wewe. Mfikishe getini, umuage vizuri. Halafu rudi, uingie kimya kama mwenye nyumba. Usibishe hodi, unanisikia? Anayebisha ndiye mgeni."

Alasiri hiyohiyo, ukungu ukiwa umeshafunika ua, Waridi alimlaza Yumna kwenye kochi, akasimama mbele ya meko na kusema, "Haya, mgeni wetu, nikusindikize," na kiti kilichokuwa kitupu kikatoa mlio, na harufu ya blanketi lililolowa ikamjia ubavuni, akatoka nayo hadi kwenye changarawe akisikia hatua zake na hatua nyingine zisizo zake, nzito, polepole, huku akisoma Ayatul Kursi moyoni na kuikosea kwa woga na kuianza tena, mpaka akafika getini, akalifungua, akasema "Kwaheri," na ile harufu ikampita ikashika barabara.

Akafunga geti. Akasikia Yumna akiita kutoka ndani, "Mama, nasikia joto!"

Furaha ilimpanda Waridi hadi machozi yakamtoka. Akakimbia. Mlango ulikuwa umefungwa na upepo, naye hakufikiri. Nani hufikiri akiwa na furaha kama ile? Mkono ukagonga, na mdomo uliolelewa Majengo ukasema wenyewe:

"Hodi!"

Papo hapo akajiziba mdomo.

Ndani, hatua zikavuka sebule, nzito, polepole. Ufunguo ukazungushwa kwenye kitasa.

"Mama," Yumna akasema ndani, "kuna mtu mlangoni."

"Nyamaza, mwanangu," ikamjibu sauti, na ilikuwa sauti ya Waridi mwenyewe, tamu, haina wasiwasi. "Huku sisi hatuitikii hodi. Ataenda zake."