Mti Hauachiwi Pindo

Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, na Fundi alikuwa nyuma yake tangu alfajiri. Sare tatu za shule zilikuwa tayari mezani. Kila moja ilikuwa na pindo refu kwa ndani. Mtoto akirefuka, mama yake atafumua pindo, na sare itasukuma mwaka mwingine.

Barazani, mumewe alikuwa ameipindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu. Majirani walizoea kusema nyumba ile ina mafundi wawili na mlango usiofunga. Wenyewe walicheka tu.

Lakini kwa wiki tatu Fundi alikuwa na kazi nyingine pia. Kijiji kilikuwa na msitu mkubwa, na mkutano wa kijiji ulikuwa umekubali kuuingiza katika mpango wa taifa wa biashara ya kaboni. Kwanza ipimwe miti ya mfano, ile iliyotiwa alama kuwakilisha msitu mzima. Bwana misitu alipouliza nani ana mkono mtulivu, watu wote waligeuka kumtazama Fundi. Yeye aliinamisha kichwa kwa haya, ila moyoni alichanua.

Asubuhi ile bwana misitu alikuja kuchukua karatasi za vipimo. Alikaribishwa chai. Mama mkwe wa Fundi alisogeza kigoda chake karibu.

"Hebu nieleze, mwanangu," alisema. "Nasikia mnauza hewa yetu. Mkishaimaliza, sisi tutapumua nini?"

Bwana misitu alicheka hadi chai ikamwagika kidogo.

"Hewa yenu haiendi popote, mama. Sikiliza. Viwanda na magari hutoa moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa ukaa, ndiyo hiyo kaboni. Ikizidi angani, dunia hupata joto, na mvua huja siku isiyotakiwa."

"Hiyo mvua naijua. Mwaka jana ilinichezea shere na mahindi yangu."

"Basi mti huvuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa shina, matawi na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, hewa ile inarudi angani. Kwa hiyo yule mwenye kiwanda, huko aliko, anawalipa ninyi ili msitu ubaki umesimama. Kila tani ya hewa ukaa inapewa namba katika daftari la taifa, ili isiuzwe mara mbili."

"Na kuni zangu?"

"Kuni zilizokauka utaokota kama kawaida. Mliweka sharti hilo wenyewe kwenye mkutano, na limeandikwa kwenye mkataba. Mkataba usioeleza haki zenu, msiuguse hata kwa kidole."

Mama mkwe aliridhika. Bwana misitu akafungua karatasi. "Fundi, mwandiko wako mzuri kama mshono wako."

Fundi alitabasamu. "Nimepima kila mti kwenye usawa wa kifua, kama ulivyonifundisha. Halafu nikauachia nafasi kidogo."

"Nafasi gani?"

"Ya kukua. Miti michanga nimeiongezea sentimita nyingi, maana inakua haraka kama watoto. Ile mizee, moja au mbili. Nisingependa mkaguzi aje akute mti umeshapita kipimo."

Bwana misitu aliweka kikombe chini. Barazani, spana nayo ilinyamaza.

"Miti yote?" aliuliza taratibu.

"Yote mia mbili na arobaini."

Hakumfokea. Pengine angemfokea ingekuwa rahisi zaidi. "Dada yangu," alisema, "mti hauachiwi pindo. Tunapima tena kila baada ya miaka mitano. Kitakachoongezeka kitahesabiwa siku hiyo. Ukikihesabu leo, utakihesabu mara mbili."

Mumewe aliingia, mikono imejaa grisi. "Sentimita zenyewe ndogo, bwana. Nani ataziona?"

"Mkaguzi wa taifa anakuja Jumatatu. Atachagua miti thelathini bila kutuambia na kuipima mwenyewe. Vipimo visipolingana, msitu hauingii kwenye daftari. Lakini hata asingekuja, shemeji, bado ni vibaya. Tukiandika tani isiyokuwepo, kule mtu atatoa tani ya moshi ambayo hakuna mti ulioimeza. Ni sawa na kuuza gauni ambalo halijashonwa."

Maneno hayo yalimwingia Fundi sawasawa. Tangu aanze kazi, alikuwa hajawahi kuchukua kitambaa cha mtu bila kumpa nguo.

"Toa tu zile ulizoongeza," mumewe alijaribu tena, kwa sauti ya chini. "Kazi imekwisha."

"Sikuandika niliongeza ngapi. Nilikadiria kwa macho. Itabidi nianze mwanzo." Alizivuta karatasi kwake. "Na mwenyekiti ameshautangazia mkutano jumla yangu. Watasema Fundi ni tapeli."

Mama mkwe alimshika mkono. "Kosa lililokiriwa halina mkia mrefu, mwanangu. Nenda ukaseme kungali mapema."

Jioni hiyo watu walikusanyika kwenye darasa la shule. Fundi alisimama mbele ya ubao, vidole vikichezea ncha ya khanga. Hakuzunguka mbuyu. Alisema alivyopima, alivyoongeza, na kwa nini. "Jumla mliyotangaziwa si ya kweli. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe, na mniruhusu nipime upya."

Manung'uniko yakapita kwenye madawati. Mwenye mashine ya kusaga akainuka. Alikuwa mtu wa maneno makali.

"Sasa nimeelewa!" alisema. "Ndiyo maana suruali uliyonishonea inanipwaya! Ulidhani nami bado nakua?"

"Kwa tumbo lile, hakukosea!" sauti ya mwanamke ilijibu kutoka nyuma.

Darasa zima liliangua kicheko. Fundi naye alicheka, machozi yakimlengalenga.

Kicheko kilipotulia, mwenye mashine alibaki amesimama. "Mimi nasema hivi. Mtu aliyekuja kujishitaki mwenyewe, huyo ndiye wa kushika kipimo. Zimebaki siku nne mkaguzi afike. Peke yake hatamaliza. Kesho nafunga mashine, naenda naye."

Asubuhi watu kumi na wawili walikuja kumsaidia. Mume wa Fundi alikata fimbo za mita moja na sentimita thelathini, ili kila mtu ajue usawa wa kifua ni upi, mrefu asipime juu na mfupi asipime chini. Mmoja alisimamisha fimbo, wa pili alizungusha futi kamba na kusoma kwa sauti, Fundi aliandika kilichosomwa. Hakuongeza nukta wala hakupunguza. Jumapili alasiri mti wa mwisho ulipimwa.

Mkaguzi alifika Jumatatu, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira. Siku nzima alipima. Fundi alimfuata nyuma kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Jua lilipoanza kushuka, mkaguzi alifunga daftari lake.

"Miti thelathini, na hakuna uliopishana," alisema. "Jumla yenu ni ndogo kuliko ile ya kwanza niliyoisikia. Lakini hii naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Nani alipima?"

Hakuna aliyewahi kutamka jina la Fundi kwa kelele kama watu wale kumi na wawili.

Msitu uliandikwa kwenye daftari la taifa. Malipo ya kwanza yalipokuja, mkutano wenyewe uliamua matumizi: tangi la maji kwenye zahanati na mishahara ya walinzi wanne wa msitu. Hesabu ilibandikwa kwenye ukuta wa shule, kila mtu aisome. Mama mkwe aliendelea kuokota kuni zake.

Halafu siku moja watu watano walibisha hodi kwenye mlango usiofunga. Walitoka kijiji cha pili, na wao walikuwa na msitu wa kupima. Mkaguzi ndiye aliyewaelekeza kwa Fundi.

Fundi aliwakaribisha na kusogeza vitambaa pembeni. Haya ilimshika kidogo, kama kawaida yake. Kisha aliwatazama mmoja mmoja.

"Karibuni, ndugu zangu," alisema. "Kabla ya yote, ngoja niwaambie nilivyokosea."