Majivu au Maji

Mwaka ule viwanja vya Nane Nane pale Mbeya vilifurika watu mpaka vumbi likawa halitulii, na upepo wa Agosti ulivuma kwa baridi ya kuwafanya wanawake washike khanga zao kwa mikono miwili. Atuganile aliingia kwenye banda la kwanza aliloliona, si kwa sababu alitaka kitu humo, bali apumzishe macho yake. Alikuwa mwalimu wa jiografia Iringa, amekuja kuwaona wazazi wake Tukuyu. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani na sweta nyeupe, nayo ilishageuka rangi ya udongo.

Ndani, chuo kimoja kilikuwa kimebandika picha kubwa za sayari ya Mirihi. Zilionyesha mawe ya rangi ya kutu, tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizorundikwa kwenye sahani. Msichana wa banda alikuwa akiwaeleza watu kwamba wataalamu wanabishana hadi leo. Wapo wanaosema mawe yale ni matope yaliyotuama chini ya ziwa lililokauka zamani. Wapo wanaosema ni majivu ya volkeno. Na wapo wanaosema ni vumbi tu lililoletwa na upepo.

"Majivu," Atuganile akajisemea, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Maji," mtu akasema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la drafti limepigwa pasi vizuri, lakini viatu vizito alivyovaa vilikuwa na udongo mwekundu wa machimbo ya Makongolosi. Alimwambia anaitwa Nkuba, na kwamba anapima dhahabu kwenye maabara ya mgodi. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa.

Atuganile akamweleza habari za kingo za barabara za kwao Tukuyu, palipochimbwa mlima, namna mistari ya majivu ya kale inavyopishana, mweupe, mweusi, wa kahawia. Nkuba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba amekua akichimba mifereji ya mpunga Madibira, huko huko Usangu, na baba yake, na kila mafuriko huacha utando wa tope mwembamba kama karatasi. Ukikata ukingo kwa jembe unaweza kuzihesabu mvua. Msichana wa banda alipoanza kufunga turubai walikuwa bado wanabishana, wakahamishia ubishi wao kwenye mahindi ya kuchoma.

Tangu hapo simu ya Atuganile ikawa na saa yake. Kila jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari, ililia.

"Umekula, mwalimu wangu?"

"Nimekula. Wewe umekula, au umekunywa tope?"

"Nimekunywa chai. Nakuwaza."

"Unaniwaza mimi au unawaza ziwa lako la Mirihi?"

"Nawaza ninyi wote wawili, ila wewe ndiye unayenijibu."

Kila mwisho wa mwezi Nkuba alipanda basi kwenda Iringa, na jioni walipanda mwamba wa Gangilonga wakaangalia mabati ya mji yaking'aa chini yao. Miaka mingi baadaye Atuganile alikuja kuzikumbuka jioni zile kuliko kitu chochote cha ujana wake: harufu ya majani makavu, joto la jua lililobaki kwenye jiwe, na Nkuba akichora tabaka za Mirihi kwenye mchanga kwa kijiti. Hata mama yake kule Tukuyu aliizoea sauti ya Nkuba kwenye simu, akawa anauliza mkwe wake ataletwa lini ale ndizi.

Kilichowaharibia ni mkutano wa walimu wa jiografia, Iringa, mwaka uliofuata. Atuganile alipewa dakika ishirini azungumzie mawe ya Mirihi. Alijiandaa wiki tatu, akamwalika Nkuba aje amsikilize. Mlangoni walikutana na mkuu wa shule yake, Mwalimu Alinanuswe, mama mkali asiyependa mambo ya mapenzi kazini. Atuganile akababaika.

"Huyu ni ndugu tu, yuko huko machimboni," alisema, akaingia ndani haraka.

Alizungumza vizuri. Alionyesha picha, akaeleza majivu, watu wakawa wanaandika. Muda wa maswali ulipofika, Nkuba akasimama katikati ya ukumbi. Aliuliza kama mwalimu ameona picha za mawe yenye nyufa kama za shamba lililokauka, na kama majivu yanayoanguka toka angani yanapasuka hivyo bila kuloweshwa kwanza. Aliuliza kwa utulivu, kama alivyomuuliza mara nyingi Gangilonga. Lakini pale palikuwa na watu mia mbili. Atuganile akarudi kwenye picha ya kwanza, kisha ya pili, akitafuta jibu. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu Alinanuswe akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Walipotoka nje Atuganile hakumpa nafasi ya kusema neno. Alimwambia asimpigie tena, akaizuia namba ya Nkuba kwenye simu yake jioni ile ile. Nkuba naye hakuja. Mwezi ukapita, kisha mwaka, kisha miaka mitatu. Katikati ya hiyo miaka mama yake alifariki. Siku ya mazishi Atuganile alijikuta akitazama barabara kana kwamba anamngoja mtu.

Mwezi wa tisa, mwaka wa tatu huo, aliwapeleka wanafunzi Isimila, kwenye lile korongo la nguzo za udongo nje kidogo ya mji wa Iringa. Alikuwa akiwaonyesha tabaka za bwawa la kale alipomwona Nkuba amesimama karibu na mlango wa makumbusho, amenyoa, amevaa koti jeusi, kofia mkononi. Nkuba alisubiri mpaka wanafunzi wakakaa kula, ndipo akasogea. Akasema alimpigia Tumpe, binamu ya Atuganile, naye ndiye aliyemwambia atampata wapi, tena akamwambia na habari ya mama.

"Pole," alisema. "Nilikuwa na haki ya kumzika."

Atuganile aliwatazama wanafunzi wake waliokuwa wakila.

"Kuhusu mawe sijabadilika," Nkuba akaendelea. "Lakini nilikosea kusimama. Uliniita ndugu tu, mtu wa machimboni. Nikaona unanionea aibu kwa kuwa sina digrii. Nikataka wajue kwamba najua kitu. Nilikuumiza ili nisiumie peke yangu."

Atuganile alitafuta pa kukaa. Miaka mitatu alikuwa amekumbuka kila neno la Nkuba ukumbini, na sentensi yake mwenyewe ya mlangoni hakuikumbuka hata mara moja.

"Sikukuonea aibu," alisema mwishowe. "Nilimwogopa mkuu wangu. Nisamehe, Nkuba. Mama alikuuliza mpaka wiki ya mwisho, na mimi nikamwambia uko safarini."

Desemba walikwenda pamoja Tukuyu. Waliweka maua kaburini chini ya manyunyu, kisha wakaingia ndani kwa Mzee Yotamu, baba yake Atuganile, aliyekuwa akiota moto. Mzee alimkaribisha Nkuba, akataka kujua ni jambo gani hasa lililowatenga muda wote huo. Wakatazamana. Ikabidi Atuganile aseme: mawe ya Mirihi, kama yalitokana na majivu au maji.

Mzee Yotamu aliweka kikombe chini.

"Kuna mtu amewahi kuyashika hayo mawe?"

"Hapana, baba," Nkuba akajibu. "Yanapigwa picha tu."

Mzee akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Atuganile alidhani analia, akainuka kumfuata, akakuta ni kicheko.

"Mama yako angekuwepo," Mzee alisema akifuta macho, "angecheka mpaka amwage chai."

Hapo Atuganile naye akacheka, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba, kisha akalia kweli, na Nkuba akamshika mkono mbele ya baba yake bila kuomba ruhusa. Mzee hakuona kosa. Alichouliza tu ni kama Wasukuma wa Usangu wanaweza kuivumilia baridi ya Tukuyu, maana mpunga wa Madibira ukishavunwa angependa kuwaona wazazi wa kijana pale kwake, waje na mablanketi.