Stendi Fupi ya Ngongoti

Kila siku baada ya shule, Namba Kumi alivua sare, akavaa bwelasuti ya zamani ya mama yake, akaikunja mikono na miguu, kisha akaingia karakana. Jina hilo alipewa na mama yake mwenyewe, ambaye alikuwa fundi pikipiki. Alisema spana namba kumi ni ndogo, lakini ikipotea hakuna kazi inayokwenda. Binti huyo alijua kupaka cheni grisi, kusafisha plagi na kutofautisha nati kwa kuipapasa tu.

Mama yake ndiye alikuwa fundi mwanamke pekee katika mtaa ule. Wateja wapya walichungulia mlangoni wakauliza, "Fundi yuko wapi?" huku yeye amesimama mbele yao na nyundo mkononi. Jina zuri alilokuwa nalo alilipata kwa jasho, na alilichunga kama mboni ya jicho.

Wiki hiyo, hata hivyo, Namba Kumi alikuwa akifanya kazi huku amenuna. Alikuwa na donge moyoni, na donge lenyewe lilikuwa na miguu mirefu. Lilikuwa mwalimu wao wa sayansi. Alikuwa mrefu kiasi cha kuingia darasani kwa kuinama, na wanafunzi walimwita kwa kificho Ngongoti, kama wale wachezaji wanaotembea juu ya miti mirefu.

Mambo yalianza aliporudisha karatasi za jaribio. Karatasi ya Namba Kumi na ya kiranja, aliyekaa naye dawati moja, zilifanana kila kitu, hadi makosa. Ngongoti hakuuliza nani alimwangalizia nani. Aliitazama mikono ya kiranja, safi kama sahani. Akaitazama ya Namba Kumi, yenye grisi chini ya kucha. Akaamua papo hapo.

"Simama," alimwambia. "Mwizi wa majibu huyu hapa. Mtazameni vizuri."

Darasa likaangua kicheko. Kiranja alijua ukweli, maana ndiye aliyeangalizia, lakini alijitia kutafuta kalamu chini ya dawati. Tangu siku hiyo Namba Kumi akaitwa Fotokopi na wenzake. Walimwita hivyo uwanjani, msalani na hata njiani. Namba Kumi alilala na hasira, akaamka nayo, akanywa nayo chai. Aliapa kwamba Ngongoti naye atachekwa mbele ya watu, tena na shule nzima.

Jumamosi, Ngongoti akajileta mwenyewe. Aliingia karakana juu ya pikipiki yake mpya, ile aina inayokwenda kwenye lami na porini pia, magoti yakikaribia kugusa usukani.

"Fundi, nikiikalia hii najiona kama nimekalia kigoda," alilalamika. "Magoti yananiuma. Naweza kuinuliwa kidogo?"

"Wewe umeshainuliwa vya kutosha, Mwalimu," mama alijibu. "Tuinue pikipiki."

Ngongoti akacheka. Kisha akamwona Namba Kumi amechutama karibu na ndoo ya mafuta machafu. "Aa, kumbe ni binti yako? Basi mwangalie huyo, asije akanakili hata spana zako."

Mama hakuelewa, akacheka tu kwa heshima ya mteja. Kicheko hicho kilimchoma Namba Kumi kuliko vicheko vyote vya darasani. Shule walimcheka, sawa. Sasa anachekwa kwao!

Alipoondoka mwalimu, mama aliipandisha pikipiki juu ya sanduku la mbao. Upande wa nyuma alifungua vyuma viwili vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu, akaweka vingine vifupi zaidi, na kiti kikapanda juu. Mbele alilegeza vishikio vya foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, akaishusha kwa kiasi kilekile, ili pikipiki isiinamie mbele na kuyumba kwenye kona. Mwisho akarekebisha cheni. Namba Kumi alimpa kila spana kabla hajaiomba, akiwa bado amenuna.

"Imebaki stendi ya pembeni," mama alisema akimkabidhi chuma hicho. "Pikipiki imepanda, stendi imebaki fupi. Ikiegeshwa hivi italala mno upande, na hata mtoto akiigusa itaanguka. Peleka kwa mchomeleaji aongeze kipande, halafu uje uifunge. Nakuamini."

Namba Kumi akatoka. Kwa mchomeleaji hapakuwa mbali, na cheche zake zilionekana kutoka kona ya barabara. Ndipo wazo lilipomjia, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Aliiona picha yote: Ngongoti anashuka kwa maringo, anaiegesha pikipiki, na puu! Pikipiki chini, shule nzima inashika mbavu. Nani atakuwa Fotokopi siku hiyo?

Alijibanza nyuma ya ukuta kwa muda wa kutosha, akarudi, akaifunga stendi ileile.

"Ameongeza?" mama aliuliza akiwa amezama kwenye injini ya mteja mwingine.

"Ameongeza."

Mama alikuwa na desturi ya kushusha kila pikipiki sandukuni na kuijaribu kabla ya kuitoa. Lakini Jumatatu asubuhi Ngongoti alifika mbio, amechelewa, akaishusha sandukuni mwenyewe, akaipanda hapohapo kwa miguu yake mirefu bila kungoja ijaribiwe. "Aisee, sasa nimekaa kama mtu!" alisema, akaondoka. Mama alimpungia mkono, akaridhika.

Shuleni, Namba Kumi alitangulia kusimama barazani. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha ya kisasi. Ngongoti aliingia, akashuka, akateremsha stendi. Pikipiki ililala upande wa kushoto kama mtu aliyezidiwa na usingizi. Mwalimu aliitazama kwa mashaka, lakini kengele ililia, akaiacha, akakimbilia darasani.

Haikuanguka. Namba Kumi alikaa vipindi vyote akichungulia dirishani. "Anguka basi," alinong'ona. "Anguka, unangoja nini?"

Wakati wa mapumziko, mtoto wa darasa la kwanza alikuja kwenye pikipiki. Alikuwa ameng'oka meno ya mbele, akataka kuliona pengo lake kwenye kioo. Kioo kilikuwa juu. Akasimama upande ule ule pikipiki ilikolalia, akaudaka usukani kwa mikono miwili, akajivuta.

Namba Kumi hakukumbuka alivyofika pale. Alimsukuma mtoto akaenda kuangukia mchangani, na pikipiki ikamshukia yeye. Kikanyagio chake chenye meno kilimchana mguu chini ya goti, akapiga ukelele uliowatoa walimu wote ofisini.

Ngongoti aliinyanyua pikipiki. Mtoto wa pengo alikuwa analia kwa hofu tu, hakuwa na hata mkwaruzo. Uwanja ukajaa watu.

"Nimeona kwa macho yangu kutoka dirishani," Ngongoti alisema akitweta, akamshika Namba Kumi bega. "Wanafunzi, huyu nilimwita mwizi. Leo ameweka mwili wake mbele kumwokoa mwenzake. Neno lile nalifuta, tena mbele yenu."

Wakapiga makofi, hata wale waliokuwa wakimwita Fotokopi. Hicho ndicho alichokuwa akikililia: Ngongoti ameinamisha kichwa, shule nzima inashuhudia. Angeweza kunyamaza tu. Lakini Ngongoti alikuwa hajamaliza.

"Ila mama yako kaniangusha," aliendelea, akiitazama stendi kwa hasira. "Fundi gani anainua pikipiki anasahau stendi? Mtoto angekufa hapa! Nitamwambia kila mtu mjini asipeleke chombo chake pale. Ile karakana ifungwe."

Namba Kumi aliusahau mguu. Akilini aliwaona wateja wakipita mlangoni bila kuingia, na mama yake amesimama peke yake na nyundo mkononi.

"Si mama, Mwalimu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Si mama! Ni mimi. Alinituma nikairefushe stendi, nikakaa nyuma ya ukuta, nikamdanganya. Nilitaka ianguke watu wakucheke, kama ulivyowafanya wanicheke mimi. Na majibu yale sikuyaangalizia. Hukuniuliza!"

Ngongoti alimwachia bega. Kisha akageuka polepole, akamtafuta kiranja katikati ya watu.

"Basi leo nauliza," alisema. "Nani alimwangalizia nani?"

Kiranja alitazama viatu vyake. "Mimi, Mwalimu. Mimi ndiye nilimwangalizia."

Jioni hiyo Ngongoti aliikokota pikipiki hadi karakana, Namba Kumi akichechemea nyuma yake na bendeji mguuni. Binti alisimulia yote, hata lile la ukuta. Mama alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa, akiendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata.

"Nami nina kosa, Fundi," Ngongoti alisema. "Nilimhukumu mtoto kwa kucha zake. Baada ya kiranja kukiri, nimemwomba radhi mbele ya darasa lake."

"Umefanya vyema, Mwalimu. Tena ulimkejeli humu ndani, nami nikacheka bila kuuliza. Hilo ni langu." Mama akamgeukia binti yake. Macho yalikuwa yamemwiva. "Kwa nini hukuniambia? Ningefunga karakana siku ile ile, nikaja shule na bwelasuti yangu, nikakutetea!"

"Nilitaka kulipiza mwenyewe, mama," Namba Kumi alisema, machozi yakimtiririka.

"Umemlipiza nani? Mwalimu huyu hapa, mzima, hana hata mkwaruzo. Mguu ni wako. Jina lililotaka kuchafuka ni langu. Na yule mtoto mwenye pengo alikukosea nini?"



Mama akaifungua stendi, akamwekea mkononi. "Nenda kwa mchomeleaji. Ukirudi utaifunga, utaijaribu mbele ya mwalimu, na kuanzia kesho utaosha vyuma tu mpaka niseme. Na sikia, mwanangu. Hasira yako ilikuwa ya haki. Ukiwa na neno na mtu, mfuate umwambie, na akikuzidi nguvu, njoo tumfuate wote. Lakini usiipitishe hasira kwenye kazi ya mikono yako, kwa sababu kazi haijui umemkasirikia nani."