Paka Aliyekula Hongo

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kuguruma, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyongoja: kumlisha Meneja. Meneja alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, mwenye mashavu mapana. Jina hilo alilipata kwa tabia zake. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka la mama la ushonaji, na Meneja alishinda juu ya meza ya kukatia vitambaa akiwatazama watu wakifanya kazi, yeye mwenyewe asiinue hata uzi.

Chiriku naye hakuitwa hivyo bure. Alikuwa msichana wa darasa la sita ambaye mdomo wake haukujua likizo. Akikosa mtu wa kuzungumza naye, alimsimulia paka mambo yote ya shuleni, na paka alisikiliza kwa jicho moja.

Lakini kulisha paka hakukuwa mchezo tena. Miezi michache nyuma, Meneja alikuwa ameanza kunywa maji bila kukoma. Akimaliza bakuli lake, alihamia kwenye maji ambayo mama alinyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Sanduku lake la mchanga lililowa chepechepe kila siku. Alikula kwa pupa, na bado alikonda mpaka mifupa ya mgongo ikaonekana. Mama na Chiriku wakamtia kikapuni na kumpeleka kwa daktari wa wanyama, mama mmoja mfupi mwenye mikono myepesi.

"Ana kisukari," daktari alisema baada ya kumpima.

"Paka anaugua kisukari? Kama babu?" Chiriku alishangaa.

"Kama babu yako. Atachomwa insulini asubuhi na jioni, akishakula. Mpeni nyama au samaki bila chumvi. Mkate hapana, biskuti hapana, maziwa hapana. Na siku akikataa kula, nipigieni simu kabla ya kumchoma." Daktari akamtazama mama usoni. "Dawa hii inashusha sukari. Ikizidi, sukari inaanguka mno, na paka anaweza kuzimia, hata kufa. Msiongeze wala kupunguza bila kuniuliza."

"Atachomwa mpaka lini?" Chiriku aliuliza.

"Huenda maisha yake yote. Ila wapo paka ambao wakitibiwa mapema na kula vizuri, mwili wao unaanza tena kutengeneza insulini yake wenyewe, na sindano inaachwa. Si wote, lakini wapo."

Chiriku aling'ang'ania neno hilo moja, "wapo". Njia nzima ya kurudi nyumbani alimhakikishia Meneja, kupitia matundu ya kikapu, kwamba yeye ni mmoja wao.

Basi kazi zikagawanywa. Chiriku alilisha, mama alichoma. Sindano ilikuwa nyembamba mno, na Meneja alilalamika zaidi kwa kukumbatiwa kuliko kwa kuchomwa. Kupima sukari nako walikuzoea: mama alitoboa kidogo ukingo wa sikio, tone la damu likawekwa kwenye kijiti, na mashine ndogo ikaonyesha tarakimu. Mwanzoni tarakimu zilishuka vizuri. Kisha mambo yakaenda mrama. Asubuhi sukari ilikuwa chini, alasiri imepanda tena.

"Nyama tunampa, dawa tunampa," mama alisema, mikono kiunoni. "Sasa sukari hii anaitoa wapi, kwenye vifungo vya mashati?"

Babu, baba yake mama, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alikuwa fundi saa mstaafu, lakini majirani bado walimletea saa zao. Aliinamia zaidi saa aliyokuwa ameishika.

Siku moja Chiriku aliwahi kutoka shuleni. Mama alikuwa akimpima mteja, kwa hiyo yeye akaenda moja kwa moja kumsalimu babu chumbani.

"Shikamoo, bab—" Salamu ikakatikia mdomoni. Babu alikuwa ameketi kitandani na kopo la vipuri vya saa mapajani, na ndani ya kopo hakukuwa na kipuri hata kimoja. Kulikuwa na biskuti. Nusu ya biskuti ilikuwa mkononi mwa babu. Nusu nyingine ilikuwa sakafuni, na Meneja alikuwa akiimaliza kwa furaha.

"Marahaba, na ufunge mlango," babu alinong'ona.

"Babu! Daktari amekataza! Na wewe pia wamekukataza!"

"Ninajua, mjukuu wangu. Lakini huyu bwana ana pua. Nikifungua kopo tu, yuko mlangoni analia kama mtoto, na mama yako atakuja kuuliza kuna nini. Hiki kipande ni hongo. Ninamziba mdomo." Babu akatoa biskuti nyingine, akamnyooshea. "Na wewe chukua. Sasa tuko watatu."

Ilikuwa biskuti yenye krimu katikati, na Chiriku alikuwa na njaa ya shule. Aliila. Ilipofika tumboni ndipo alipoelewa kwamba na yeye amezibwa mdomo.

Siku zilizofuata zilimtesa. Msichana aliyekuwa akisema hata yasiyoulizwa sasa alikula kimya, alifagia kimya na alimlisha paka kimya. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa. Kila mashine ilipoonyesha tarakimu kubwa, Chiriku alitazama pembeni. Alimpenda babu, hakutaka asemwe. Alimpenda Meneja pia, na moyo wake ulivutwa huku na huku mpaka ukachoka.

Kisha daktari alipita dukani kuchukua koti lake lililobadilishwa zipu. Alipokuwa akilijaribu, mama alimweleza habari za sukari. Daktari akauliza maswali mengi: anakula nini, saa ngapi, dawa inahifadhiwa wapi. Mama alijibu yote kwa uaminifu, kwa kadiri alivyojua.

"Kama ni hivyo, dawa haimtoshi," daktari alisema hatimaye. "Tuongeze. Kuanzia jioni hii mpeni zaidi kidogo. Nitawaonyesha kiasi."

Babu, aliyekuwa akisikiliza karibu na dirisha, alimvuta Chiriku kando, sauti yake imejaa huruma. "Usihuzunike. Nimeona nimekosea. Kuanzia leo simpi hata chembe. Tumemaliza, na hakuna haja ya kumwambia mtu."

Kwa nukta moja Chiriku alipata nafuu. Halafu akawaza. Dawa itaongezwa kwa sababu ya biskuti. Biskuti zitaachwa leo hii. Basi dawa nyingi itaingia kwa paka asiye na sukari ya kushushwa! Alikumbuka neno la daktari: kuzimia, hata kufa. Alimtazama Meneja aliyelala juu ya kitambaa cha bei cha mteja, tumbo juu, bila habari. Akapiga moyo konde.

"Daktari, usiongeze!" alipaza sauti. "Amekuwa akila biskuti. Kila mchana, na babu. Mimi nilijua, na mimi pia nilikula. Babu ameacha sasa hivi, kwa hiyo mkiongeza dawa atakufa!"

Mama alimgeukia babu polepole.

"Baba! Wewe mwenyewe una kisukari!"

"Ndiyo maana nilikuwa nakula nusu tu," babu alijitetea.

Daktari alitaka kucheka, lakini uso wake ukarudi kuwa mzito. "Asante, binti. Ungenyamaza, ningemuumiza huyu paka, nami nikidhani ninamtibu. Dawa isiongezwe. Biskuti ziishe leo. Na kwa sasa mpimeni mara nyingi zaidi, mnipigie simu kila mkipima, kwa sababu hata dawa hii ya sasa huenda ikawa nyingi kwake."

Jioni ile babu hakuzungumza na Chiriku. Hilo lilimuuma kuliko karipio lote alilopewa na mama. Lakini asubuhi, Chiriku alipokuwa akikatakata nyama ya Meneja, babu aliingia jikoni na kopo lake, akaliweka mezani mbele ya mama.

"Chukua," alisema. "Na kopo lenyewe chukua, nisije nikalijaza tena." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Haya, Chiriku, zungumza. Nyumba imekuwa kimya mno."

Chiriku alizungumza mpaka akachelewa shule.

Meneja hakufurahia mageuzi hayo. Alikaa mlangoni kwa babu kila mchana akilia kwa sauti ya mdai, na babu akawa anamjibu, "Ofisi imefungwa, bwana." Lakini sukari ilianza kushuka, na safari hii haikupanda tena. Daktari alipunguza dawa kidogo, akangoja, akapunguza tena. Mbavu za Meneja zikafunikwa, na bakuli la maji likakaa mpaka jioni. Mwishowe daktari akasema sindano iachwe, waone. Walipima, wakapima tena, na tarakimu zilibaki pale pale zilipotakiwa.

"Ugonjwa umelala," daktari aliwaambia kliniki. "Sisemi umekufa. Unaweza kuamka, kwa hiyo chakula kibaki kile kile na kumpima kusikome."

Chiriku alimkumbatia Meneja, akalia na kucheka kwa pamoja, na Meneja akalalamika kama kawaida yake.

Waliporudi nyumbani, babu alimkalisha Chiriku karibu naye.

"Nilidhani mjukuu anayenipenda ni yule anayenifichia," alisema. "Nilikosea. Daktari hawezi kutibu asichokijua. Anayemficha anamfumba macho, na mgonjwa ndiye anayeumia. Ulipofungua mdomo siku ile, uliniaibisha mbele ya watu, na ukamwokoa paka. Ukiniona tena ninaficha jambo kama lile, niaibishe."

Kisha akavuta kiti mpaka kwenye meza ya kukatia vitambaa, akampa mama kidole chake.

"Nami nipime," alisema. "Kisha kesho twende kwa daktari wa watu. Nitamwambia mwenyewe nilichokula, chote, na zile nusu zangu."