Mtu Aliyenyimwa Yago

Unacheka? Cheka tu, meno hayalipiwi ushuru. Lakini ukikutana na mtu aliyenyimwa yago, usije kulia hapa.

Filister alikuwa akifungia kuku jioni, huko Rodi Kopany, Joash alipofika kutoka Migori na gunia begani. Wakaingia ndani. Babu yake Joash alikuwa nyapara wa shimo la dhahabu zama za mkoloni. Baba yake Filister alichimba humo. Alipotea Filister akiwa bado ananyonya, na nyapara akaapa kwamba katorokea Tanganyika. Basi mamake Filister akangoja. Mtu aliye hai hazikiwi yago, lile tunda refu ambalo Wajaluo hulilaza kaburini badala ya maiti isiyopatikana. Akangoja mpaka akafa.

"Dani, angalia hii," Joash alinong'ona, akimwita bibi kwa Kijaluo.

Picha ya zamani, rangi ya chai. Wazungu wawili, nyapara na fimbo yake, na mdomo wa shimo.

"Naona babu yako ameshiba."

"Angalia shimo."

Vidole vinne vilishika ukingo.

"Juzi havikuwapo. Jana viwili... Nimeichoma, Dani. Asubuhi naikuta ukutani."

Akafungua gunia. Yago bichi, bado linatoa utomvu.

"Lizike. Ni mtoto wake tu anayeweza kumtuliza."

"Kwanza niambie. Alikwenda Tanganyika?"

Joash akaanza kulikunja gunia.

"Joash."

"Babu alisema baba yako aliiba jiwe lenye dhahabu... wakafunika shimo akiwa ndani. Akagonga siku tatu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nikiwa darasa la sita."

"Mama yangu alikuwa hai."

"Alikuwa hai, Dani."

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Tope bichi. Karabai iliyozimwa. Kisha maji...

To.

To.

Hakukuwa na mvua.

Filister aliitazama picha tena. Vidole vimekuwa mkono, mkono umekuwa bega. Kichwa kikainuka polepole, kimejaa udongo. Hakuwahi kumwona mtu yule. Lakini pua ilikuwa yake mwenyewe.

Macho hayakumtazama yeye. Yalimtazama Joash.

"Dani, chukua yago. Nakuomba."

Filister alilisukuma tunda pembeni kwa mguu, akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Kaeni mzungumze. Mimi simjui. Wewe ndiye uliyekuwa na habari zake."

Nyuma yake kitu kizito, chenye maji, kilitua sakafuni.

Hakugeuka. Akatoka, akaufunga mlango, akautia komeo kwa nje.