Buluu Nyuma ya Turubai

King'ora kidogo kililia mara tatu, na watu wote waliobanana mbele ya picha ya theluji wakageuka kumtazama baba yake Maëlle.

"Mzee, rudi nyuma kidogo tafadhali," alisema mlinzi wa ukumbi.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, siku ambayo jumba la sanaa la Orsay huingiwa bure, na ungedhani nusu ya Paris imeamkia humo. Mzee Anselme Faucheur, mwashi mstaafu kutoka Limoges, alikuwa ameisogelea picha hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Mkewe Huguette, mwenye mkoba uliojaa mikate, alimvuta kwa mkono wa koti. Maëlle yeye alimvaa mlinzi.

"Baba yangu anaumwa macho. Ametoka mbali kuja kuiona hiyo picha. Wewe unashinda nayo kila siku, umewahi hata kuitazama?"

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa kuchora maua kwenye sahani za kauri. Siku hiyo alivaa koti la rangi ya haradali na skafu nyekundu, na hasira ilimpendeza kuliko vyote viwili. Mlinzi, kijana mrefu mwenye suti nyeusi ya kazi na tai iliyokaa upande, aligeukia picha.

"Nimeitazama miaka sita, bibie. Watu husema ni theluji tu. Lakini hakuna mahali humo palipopakwa nyeupe tupu. Kuna waridi, kuna buluu, na pale kwenye kivuli cha uzio kuna zambarau." Akakichukua kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya picha. "Keti hapa, Mzee. Atakayekuziba atanijua mimi ni nani."

Maëlle akakosa la kusema. Huguette husimulia mpaka leo kwamba hilo halikuwahi kutokea tangu azaliwe.

Mlinzi aliitwa Corentin Kervella, Mbretoni wa pwani ya magharibi ya Ufaransa. Zamu yake ilipokwisha, aliwakuta nje wakila mikate, akakaribishwa. Huguette akamhoji kama polisi: ana mke? Hana. Anavuta sigara? Aliacha. Anajua kupika? Mayai.

"Mayai ni mwanzo," Huguette alisema, akamkatia kipande kingine cha jibini.

Safari ile ilikuwa wazo la Maëlle. Daktari alikuwa amesema presha ya macho ya Anselme haizuiliki tena, na mzee maisha yake yote alikuwa akikata picha za makanisa makuu magazetini na kuzibandika ukutani. Maëlle akaomba likizo ya siku kumi. "Kabla taa haijazimika, Baba ataona vyote," aliapa. Na Maëlle akisha kuapa, hata mvua humpisha.

Kuanzia Jumapili ile simu ya Maëlle haikupoa; mpigaji alikuwa Corentin.

"Mko wapi?"

"Foleni. Na wewe?"

"Nazuia watoto wasilambe sanamu."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu. Leo wawili. Umevaa ile skafu?"

"Inakuhusu nini?"

"Nataka kujua kama Paris ina jua leo."

"Kervella, maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Nimesimama peke yangu miaka sita, mpenzi. Nilikuwa nayaweka akiba."

Jumatano, siku yake ya mapumziko, Corentin alifuatana nao hadi mji wa Chartres. Ndani ya kanisa kuu alimshika mzee mkono, wakatembea taratibu toka dirisha hadi dirisha, Corentin akimnong'oneza sikioni. Maëlle aliwatazama kutoka nyuma, mgongo mmoja uliopinda na mmoja ulionyooka, akasahau kutazama madirisha. Mvua iliponyesha, Maëlle na Corentin walijibanza langoni chini ya watakatifu wa mawe, na hapo wakabusiana mpaka Huguette akakohoa mara tatu.

Ijumaa familia ilikwenda Reims. Corentin alikuwa kazini; angewafuata kesho yake. Walipofika katikati ya kanisa, Anselme aliinua uso kuelekea dirisha kubwa la duara.

"Tazama buluu hiyo, binti yangu! Ukiitazama unasahau kupumua."

Maëlle akatazama. Dirisha zima lilikuwa limefunikwa turubai la kijivu. Mafundi walikuwa wakilitengeneza. Hapakuwa na buluu wala mwanga. Alimtazama mama yake, na Huguette akainamisha macho.

"Baba," alisema polepole, "tangu lini?"

Mzee alielewa. Akavua kofia. "Tangu Agosti. Jicho la kulia ni giza. La kushoto, kama kuchungulia tundu la ufunguo lenye ukungu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshapanga kila kitu. Ulikuwa unaimba jikoni. Ningekuzimaje?"

"Na hiyo buluu?"

"Corentin ndiye aliyeniambia dirisha la hapa ni la buluu. Alinigundua siku ileile, mbele ya theluji. Nikamwapisha asiseme."

Maëlle alitoka hadi uwanjani, akampigia Corentin simu.

"Ulijua."

"Nilijua. Mtu anayetazama picha, macho yake hutembea. Ya baba yako yalikuwa yamesimama."

"Siku tano! Unanibusu huku unaniona mjinga ninayemburuta kipofu makumbusho kwa makumbusho!"

"Sikukuona mjinga hata siku moja. Lakini siri ilikuwa yake, Maëlle. Haikuwa yangu."

"Kesho usije."

Akakata. Simu ikaita mara nne, asipokee. Akarudi ndani, akatangaza kwamba wanafungasha na kurudi nyumbani.

Anselme hakuinuka kwenye benchi. "Mimi siendi. Siku zangu hazijaisha."

"Baba, huoni!"

"Chartres niliona. Yule kijana alinionyesha kioo kimoja kimoja, na sijawahi kuona vizuri vile hata nilipokuwa na macho. Kama una hasira, nikasirikie mimi. Yeye alitunza neno la mzee. Mtu wa namna hiyo anafukuzwa?"

Siku hiyo mizigo haikufungashwa.

Asubuhi ya Jumamosi, Corentin alikuwa amesimama mbele ya kanisa, amevaa sweta ya buluu iliyochakaa viwiko, macho mekundu.

"Uliambiwa usije," Maëlle alisema.

"Sikukujia wewe. Nilimwahidi baba yako mawe."

Aliwapeleka kwa rafiki yake Ghislaine, fundi aliyechonga mawe mapya ya kuchukua nafasi ya yale yaliyolika kanisani. Uani kwake vipande vya kale vililala vimepangwa: mikono, mabawa, majani. Ghislaine akamwekea mzee mkono juu ya jani moja.

"Gusa upendavyo. Hapa hakuna king'ora."

Vidole vya Anselme vikaanza kutembea. Vilipanda, vikashuka, vikarudi. Akatabasamu.

"Aliyelichonga hili alitumia mkono wa kushoto. Patasi imeshukia upande huu. Na hapa nyuma alilipua kazi. Alijua hakuna atakayepaona." Akacheka kwa sauti. "Nimekukamata, bwana mkubwa!"

Ghislaine akainama, akapapasa palepale. "Nina miaka kumi na miwili na jiwe hili," alisema, "sikuwahi kulijua hilo."

Maëlle alikuwa analia wazi. Corentin akampa leso, naye akaipokea bila kumtazama.

"Usinifiche siri tena," alisema.

"Za watu siwezi kukuahidi. Zangu zote ni zako."

"Anza sasa."

"Namwogopa mama yako."

"Kila mtu anamwogopa mama," Maëlle alisema, akacheka huku machozi yanamtiririka, akamshika mkono.

Majira yote ya baridi Corentin alipanda treni ya Limoges kila alipopata mapumziko. Mwezi Aprili, wote wanne walikwenda kwenye kanisa kuu la Bourges. Macho ya mzee yalikuwa yamezimika kabisa, na sasa Maëlle ndiye aliyemshika mkono na kumsomea madirisha, kwa ulimi wa mtu anayeishi na rangi: "Hii ni buluu ya moto wa gesi, Baba. Na hii nyekundu ni ya mvinyo ukiinuliwa juani."

Walipotoka, Maëlle aliketi na Corentin kwenye ngazi, mchana kweupe, njiwa wakiwazunguka.

"Juni, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, ofisi ya meya Limoges ina nafasi," alisema. "Nimeshauliza."

"Nafasi ya nini?"

"Ya sisi, Kervella."

"Hata hujaniuliza mimi!"

"Nakuuliza sasa."

Corentin akatoa simu, akampigia msimamizi wake wa zamu.

"Naomba ruhusa ya siku tatu mwezi Juni. Sababu? Naoa."

Maëlle akamnyang'anya simu.

"Habari za mchana," alisema. "Andika siku kumi."