Rubani Asiye na Nyuzi

Wakili Sitati, jirani yetu wa Milimani, Nakuru, hakuamini jambo lisilo na ushahidi. Ndiyo maana Mzee Naftaly wa Subukia alipomruhusu kuunda upya, kwa katuni za kompyuta, mchezo wake wa zamani wa vikaragosi vinavyosafiri angani, Sitati alifuta kifungu kimoja katika mkataba: kila kazi ikiisha, kikaragosi kiambiwe, "Tumemaliza, pumzika."

"Wakili, hiyo si sheria. Ni adabu tu," mzee alisema.

"Basi adabu haihitaji sahihi, mzee."

Jumatano moja mchana, Kimberly, mkewe Sitati, alivaa suti yenye vihisio vilivyopeleka miondoko yake kwenye kompyuta. Kila alipopiga hatua, rubani wa mbao, kikaragosi mkuu wa mchezo ule, alipiga hatua kwenye skrini, bila nyuzi. Walipomaliza, Kimberly akaivua suti, akaenda kumimina chai.

Rubani akainua mkono wa kushoto.

Nyuma ya Sitati, kikombe kikavunjika. Mkono wa kushoto wa Kimberly ulikuwa juu.

"Kim, wacha mchezo."

"Si mimi," alinong'ona.

Sitati alitaka kuthibitisha. Akaigeuza skrini, mkewe asiione. Rubani akapiga hatua. Kimberly akapiga hatua. Rubani akageuza shingo. Kimberly akageuza yake, mpaka mfupa ukalia.

Sitati akalifunga faili la rubani.

Mkewe akabaki wima, macho wazi, visigino vikielea. Hakupumua.

Sitati akalifungua tena. Pumzi ikarudi.

Akampigia mzee simu, akamsimulia. "Nifanye nini?"

"Aliyelifuta lile neno la mkataba ni wewe," Naftaly alijibu polepole. "Liseme wewe."

Sitati akapiga magoti mbele ya skrini. "Tumemaliza. Pumzika." Akainamisha kichwa. "Tafadhali."

Rubani akafumba macho. Kimberly akamwangukia mikononi, akilia, mzima.

Kesho yake Sitati aliona matundu manne mapya, membamba kama ya kupitishia uzi, kwenye dari, juu ya pale mkewe aliposimama. Akayapima. Nafasi kati ya yale ya pembeni ililingana na upana wa mabega ya Kimberly.

Fundi Kiarie, aliyeitwa kuyaziba, alipanda darini na tochi. Akaangaza vumbi kona hadi kona.

"Boss," hatimaye alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu alipiga magoti hapa. Lakini vumbi halina alama ya kuingia wala ya kutoka."

Sitati alipanda kujionea. Alama zilikuwa mbili. Kila goti halikuzidi kifuniko cha soda.